Pima Shingo Kabla Hujajaza Baruti

Ganda la kwanza la risasi ya bunduki nililoligeuza kuwa la aina nyingine lilitoka kwenye kalibu, yaani chombo cha chuma kinacholifinya lipate umbo jipya, likiwa zuri mno. Bega lake, pale mwili unapoanza kupungua, lilikuwa limekaa sawasawa, shingo inayoshika kichwa cha risasi imenyooka, shaba inang'aa. Nikaligeuzageuza mkononi nikaona kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Nitasema ninachokijua kwa mikono yangu: kutengeneza ganda la 8x57 IS kutokana na ganda la .30-06, aina mbili za risasi za bunduki. Vitako vyake vinakaribiana sana kwa upana, takriban milimita 12 vyote viwili. La .30-06 lina urefu wa milimita 63 na ushee, la 8x57 ni milimita 57. Ganda refu unaweza kulifupisha, fupi hulirefushi. Ninakata kwa msumeno wa meno madogo nikibakiza milimita 58, ile moja ya ziada naiondoa mwishoni.

Baada ya kukata, moto. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na kila inapofinywa inazidi kuwa ngumu hadi ipasuke. Ninasimamisha maganda kwenye sinia lenye maji yanayofika nusu ya ganda, napitisha moto shingoni na begani kwa sekunde chache, rangi ikianza kubadilika nalisukuma lilale majini. Joto lisifike kwenye kitako. Hicho ndicho kinachozuia shinikizo, na kwa 8x57 IS kiwango cha juu ni baa 3,900 (baa ni kipimo cha shinikizo). Kitako kikishalainika kwa moto, tupa ganda hilo bila huruma.

Mafuta ya kulainishia ganda kabla ya kulisukuma kwenye kalibu yawe kidogo. Yakizidi begani yanabonyeza shaba, yakikosekana ganda linanasa ndani ya kalibu. Nimewahi kumaliza jioni nzima nikihangaika kutoa ganda moja tu.

Sasa shingo, na hapa naomba usiharakishe. Shingo mpya haitokani na shingo ya zamani peke yake. Sehemu yake kubwa ilikuwa bega, na nyingine ilikuwa mwili wa ganda, ambako ukuta ni mnene zaidi. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Katika maganda yangu 20 ya mwanzo, yaliyojazwa tayari, moja lilifanya bolti, yaani komeo la bunduki, iwe nzito kidogo kufunga. Sikulazimisha. Nililitoa, nikapima shingo kwa maikromita, chombo cha kupimia unene mdogo sana, nikakuta imezidi kipimo. Shingo ikibanwa na chemba, yaani tundu la bunduki risasi inamokaa, haina pa kutanukia, kichwa cha risasi hakiachiliwi, na shinikizo linapanda vibaya. Niliyafungua yote 20, nikachonga shingo moja baada ya nyingine ili kupunguza unene wake.

Kipimo ninachokiamini hadi leo hakihitaji hata chombo. Chukua ganda lililokwisha kufyatuliwa katika bunduki yako, kabla hujalipitisha kwenye kalibu, ujaribu kutumbukiza kichwa kipya cha risasi kwa vidole. Kikiingia bila kukwama, shingo ina nafasi. Kikigoma, acha kujaza, rudi ukachonge.

Ganda la kugeuza mara nyingi lina ukuta mnene, hivyo nafasi ya baruti ndani ni ndogo kuliko ya ganda la kiwandani. Anza na kiwango cha chini kabisa cha baruti katika jedwali la ujazaji unalolitumia, kisha uongeze taratibu.

Halafu kuna maandishi ya kitakoni. Yataendelea kusema .30-06 maisha yote ya ganda hilo. Risasi ya 8x57 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06, na hapo kichwa cha milimita 8.2 kinasukumwa kwenye mtutu uliotengenezwa kwa kichwa cha milimita 7.8. Bunduki inaweza kupasuka usoni mwa mtu. Mimi napaka rangi nyekundu kwenye kitako cha kila ganda nililoligeuza, nayaweka kwenye sanduku lake, na siku nisipokuwepo sanduku hilo limefungwa kwa kufuli.