Re: Muvi ya kucheka na mzee asiyejua Kizungu

Mambo mkuu. Kwa hiyo mzee kasinzia kwenye ile muvi ya Oppenheimer, sasa unataka komedi ambayo hatakuuliza kila dakika "kasemaje?". Asilaumiwe bana, masaa 3 ya watu kubishana vyumbani, mi niliipenda ila simwekei mtu wa umri ule. Cheki kwanza kama kichekesho kiko mwilini au mdomoni. Coming to America ya 1988 tamu sana lakini ule ubishi wa pale kinyozi bila lugha hauna ladha, iache. Weka The Gods Must Be Crazy ya 1980, chupa ya soda inadondoka toka kwenye ndege, mwigizaji N!xau anaibeba akaitupe mwisho wa dunia, halafu kuna Land Rover inajivuta na winchi yake yenyewe (ile mashine ya kuvutia kwa kamba) mpaka inaning'inia mtini, hapo mjomba wangu alikuwa anadai nirudishe nyuma tu.