Maswali yenu kuhusu Granada

Tangu niandike kwamba ukinipa mji mmoja tu wa Uhispania nitachukua Granada, maswali hayajakatika. Nimekusanya yale yaliyojirudia zaidi. Majibu ni yangu mimi, mtu aliyewahi kuishi pale na bado anaupenda mji ule.

Dada, habari za kazi? Nina siku nne za Andalusia. Niende Granada, Córdoba au Sevilla? (Msomaji, Nairobi)

Nzuri, karibu. Siku nne hazitoshi miji mitatu, utaishia kuona vituo vya treni. Lala Granada siku tatu. Siku ya nne pitia Córdoba ukauone msikiti mkuu wa kale, ulioanza kujengwa karne ya 8 na ambao leo ni kanisa kuu, wenye safu kwa safu za nguzo na matao ya rangi nyekundu na nyeupe. Sevilla iache kwa safari nyingine, inastahili siku zake.

Kwa nini siku tatu? Kwa sababu wageni wengi huletwa Granada asubuhi kwa mabasi kutoka pwani ya Málaga, wanakimbizwa Alhambra, ile ngome ya kilimani yenye majumba ya wafalme wa zamani wa Kiislamu, na jioni wanarudishwa. Jioni ndiyo saa ya Granada. Jua likianza kuzama, kuta za Alhambra hugeuka rangi ya udongo mwekundu, nyuma yake vilele vya Sierra Nevada bado vina theluji, na wenyeji ndio kwanza wanatoka majumbani.

Shikamoo mama. Nimetafuta tiketi ya Alhambra ya wiki ijayo, nimeambiwa zimekwisha. Ndiyo basi tena? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Usikate tamaa, lakini wengine wasome hapa: tiketi za Alhambra hununuliwa wiki kadhaa kabla, hasa kati ya Aprili na Oktoba. Kila nusu saa huruhusiwa idadi maalumu tu ya watu kuingia kwenye majumba ya wafalme wa Nasrid, ukoo wa Kiislamu uliotawala Granada hadi mwaka 1492, na idadi hiyo ikijaa imejaa.

Wewe endelea kuchungulia tovuti rasmi kila siku, kwani wakati mwingine nafasi hujitokeza. Angalia pia kadi ya watalii ya mji, Granada Card, ambayo ndani yake mna tiketi ya Alhambra. Ikishindikana, ulizia tiketi ya bustani, ambayo hukuingiza kwenye bustani za Generalife na kwenye ngome ya Alcazaba. Hata mikono mitupu usibaki hotelini. Kupita Lango la Haki na kuingia ndani ya jumba la Carlos V, mfalme Mkristo wa Uhispania, hakulipiwi. Jumba hilo lilianza kujengwa mwaka 1527. Ukilitazama kwa nje ni la mraba, ukiingia unakuta ua wa duara ulio wazi juu.

Mambo mawili muhimu. Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti, na pasipoti uwe nayo mkononi. Pili ni saa. Tiketi ikisema 16:30 ni saa kumi na nusu jioni, na hiyo ndiyo saa yako ya kuingia kwenye majumba, si saa ya kufika langoni. Kutoka bustani za Generalife hadi kwenye majumba ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, au zaidi. Ukichelewa hawakupokei, na kuwabembeleza hakusaidii.

Nimesikia Ibn Battuta, yule aliyefika kwetu Kilwa, alifika Granada pia. Ni kweli? Na nikiwa ndani ya Alhambra nitazame nini hasa? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Ni kweli kabisa. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, Kilwa alifika mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jumba lake la Husuni Kubwa mnalo hapo jirani. Karibu mwaka 1350 akawa Granada. Mfalme wa wakati ule, Yusuf I, alikuwa mgonjwa na hawakuonana, lakini mama yake mfalme alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Mjini Ibn Battuta alikuta wageni waliotoka mbali kama Samarkand, Tabriz na India. Hapo hapo alikutana na kijana mwandishi, mwenyeji wa Granada, aitwaye Ibn Juzayy. Miaka michache baadaye huko Fez, kijana huyo ndiye aliyeandika masimulizi ya safari za Ibn Battuta. Kwa hiyo habari tunazozisoma leo kuhusu Kilwa ya karne ya 14 zilipita kwenye kalamu ya mtu wa Granada.

Yusuf I huyo huyo ndiye aliyejenga sehemu kubwa ya Jumba la Comares, basi anzia hapo. Kwenye Ua wa Mihadasi kuna bwawa refu, na kila mwisho wake kuna kisima kidogo cha marumaru kilicholala sakafuni. Chuchumaa ukitazame. Maji yanabubujika katikati ya sahani, yanaingia kwenye mfereji mwembamba, yanapunguzwa kasi, ndipo yanateleza bwawani karibu bila kutikisa uso wa maji. Ilifanywa hivyo makusudi, ili kivuli cha mnara wa Comares kisivunjike ndani ya bwawa. Watu wanapita pale kwa mamia, simu juu, na wachache sana ndio wanaotazama chini.

Ukishatoka majini, nenda kwenye kuta. Kama ulipita chuoni ukajua kusoma herufi za Kiarabu, una hazina ambayo watalii wengi hawana. Utaikuta mara elfu kauli ya wafalme wale, *wa la ghalib illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Itafute juu ya milango, kwenye mikanda ya plasta, ndani ya ngao zilizochongwa. Ukishaizoea kwa macho, kuta zinaanza kusomeka.

Ua wa Simba ni kazi ya mwanawe, Muhammad V. Simba 12 wa marumaru wamebeba beseni, na ukingoni mwa beseni limechongwa shairi la Ibn Zamrak, aliyekuwa waziri na malenga wa mfalme. Katika beti zake anauliza, kati ya maji na marumaru, kipi hasa kinachotiririka? Sijui mahali pengine ambapo shairi limewekwa kwenye kitu kile kile linachokisifu, maji yakiendelea kutoka. Kisha ingia Ukumbi wa Dada Wawili, usimame katikati, uinue kichwa. Dari yote ni vijumba vya plasta, maelfu kwa maelfu, vimeshikamana kama sega la nyuki. Wape wenzako nafasi ya kupita, wewe baki.

Assalam alaykum. Mimi na mume wangu tunakula halali tu. Uhispania tunasikia ni nguruwe kila sahani. (Msomaji, Mombasa)

Waalaykum salaam. Nguruwe ni wengi, sitawaficha, na tatizo kubwa liko kwenye vyakula ambavyo huwezi kuvishuku. Maharage mabichi ya Granada hupikwa na vipande vya *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na supu ya baridi ya nyanya hunyunyiziwa hiyo hiyo juu. Kwa hiyo msiulize kama kuna nyama, maana wengi hawaihesabu *jamón* kuwa nyama. Ulizeni *¿lleva cerdo?* (kina nguruwe?) au *¿lleva jamón?* (kina jamón?)

Granada ina desturi nzuri, kwamba ukiagiza kinywaji unaletewa sahani ndogo ya chakula bila malipo, na soda nayo inahesabika. Semeni mapema *sin cerdo*, bila nguruwe, kabla sahani haijafika. Mabilinganya ya kukaanga yaliyomiminiwa asali ya miwa msiyakose, wala saladi ya machungwa na samaki wa chumvi. Kwa nyama halali, nendeni mtaa wa Calderería Nueva na vichochoro vya karibu, kwenye maduka na migahawa ya Wamoroko na vibanda vya chai ya mnanaa.

Swala pia ipo. Juu Albaicín, mtaa wa kale wa kilimani, kando ya uwanja wa San Nicolás, uko Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003. Bustani yake inatazamana na Alhambra ana kwa ana. Kwa kweli naipenda kuliko uwanja wenyewe wa San Nicolás, ambako jioni watu hubanana.

Na zoeeni saa zao, chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku saa tatu na kuendelea. Mkifika mgahawani saa moja jioni mtakuta jiko limefungwa.

Ninasafiri na mama yangu, magoti yanamsumbua. Ataweza? (Msomaji, Kampala)

Alhambra ataweza kwa mwendo wa polepole, sehemu za kupumzika zipo. Ngome ya Alcazaba na mnara wake muache, ngazi ni nyingi. Albaicín ndiyo ngumu, vilima na mawe ya mviringo yanayoteleza, hata mwenye afya anahitaji viatu vya soli nzuri. Pandeni vibasi vidogo vyekundu kutoka katikati ya mji, C30 kwenda Alhambra na C31 kwenda Albaicín. Ukishamfikisha mama juu, mteremke taratibu.

Mimi ni Mwafrika, mweusi. Nitajisikiaje Granada? (Msomaji, Bujumbura)

Utatazamwa kidogo vijijini, mjini si sana, kwa sababu Granada ni mji wa chuo kikuu na wanafunzi wanatoka kila pembe. Tembea na nakala ya pasipoti, maana polisi wana haki ya kukuuliza hati zako na mtu mweusi huulizwa upesi zaidi. Karibu na kanisa kuu, mwanamke akikupa tawi la rozimari usilipokee. Atakushika kiganja akutabirie, kisha adai fedha.

Lakini nataka nikwambie pia kuhusu Juan Latino. Katika karne ya 16 alikuwepo Granada mtu mweusi aliyekulia utumwani, katika nyumba ya mtawala wa Sessa. Kazi yake ilikuwa kumbebea vitabu kijana wa nyumba hiyo. Akajifunza Kilatini kwa kusikiliza masomo ya mwenzake, akawa huru, akawa mwalimu wa Kilatini anayeheshimiwa mji mzima, na mwaka 1573 mashairi yake ya Kilatini yalichapishwa hapo hapo Granada. Mwenyewe alijiita Mhabeshi. Inasemekana alizikwa katika kanisa la Santa Ana, dogo la matofali, pale Plaza Nueva ambapo barabara ya mto Darro inaanzia. Utapita mbele yake mara nyingi kwa siku. Simama hapo.

Je, makaburi ya Isabel na Fernando yana maana kwangu mimi Mwislamu? (Msomaji, Zanzibar)

Yana maana sana. Nenda Capilla Real, kanisa dogo la kifalme kando ya kanisa kuu, walikozikwa malkia na mfalme hao Wakatoliki wa Uhispania. Juu kuna sanamu za marumaru za fahari, na ukishuka ngazi chache unaona majeneza ya madini ya risasi, meusi, bila pambo. Hao ndio waliokabidhiwa funguo za Granada tarehe 2 Januari 1492 na mfalme wa mwisho, Abu Abdallah, ambaye Wahispania humwita Boabdil. Mkataba wa kusalimu amri uliwaahidi Waislamu dini yao, misikiti yao na sheria zao. Haikupita miaka kumi, wakalazimishwa kubatizwa. Wayahudi walikuwa wameshafukuzwa kwa amri iliyotiwa saini ndani ya Alhambra, Machi 1492. Na kuanzia mwaka 1609 wajukuu wa wale waliobatizwa nao wakafukuzwa Uhispania.

Ukitoka, vuka kichochoro. Mlango wa mbele yako ni Madraza, chuo alichokijenga Yusuf I mwaka 1349, na ndani chumba chake cha swala bado kina mihrabu. Kaburi la mshindi na shule ya aliyeshindwa, hatua chache kati yao. Mimi nisingemruhusu mgeni wangu aondoke bila kuingia kote kuwili.

Mapango ya flamenko ya Sacromonte, niende? (Msomaji, Mwanza)

Nenda. Sacromonte ni mtaa wa mapango, na flamenko ni muziki na dansi ya Andalusia. Chagua pango dogo na ukae karibu na wachezaji, usikie visigino.

Mwezi gani ni mzuri, na viza ikoje? (Wengi wenu)

Aprili, Mei na Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 na mji unapoa usiku tu. Januari chukua koti zito, kwani Granada iko juu kama mita 700 na barafu ya Sierra Nevada haiko mbali. Watanzania na Wakenya wanahitaji viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na unatakiwa pia uwe na bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000. Ubalozi wa Uhispania upo Dar es Salaam na Nairobi. Anza miezi miwili au mitatu kabla.

Niwaletee nini nyumbani, dada? (Msomaji, Muscat)

Panda kilima cha Cuesta de Gomérez kwa miguu, utakuta karakana za mafundi wa gitaa na wa *taracea*, visanduku vilivyonakshiwa kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali na mfupa. Ufundi huo ulikuwepo tangu enzi za Nasrid. Muulize fundi akuonyeshe upande wa ndani na kingo kabla hujalipa, maana vya kuchapishwa vipo tele katika maduka ya Alcaicería na kwa macho ya haraka vinafanana. Mwenye nafasi begini anunue na bakuli moja la udongo la Fajalauza, ufinyanzi wa Granada, la buluu au kijani, lenye komamanga katikati. Lifunge ndani ya kanga.