Kimlango cha tenki kimegoma? Weka bisibisi chini kwanza

Taa ya mafuta iliwaka kabla sijafika Hale. Nikajipa moyo kwamba Segera si mbali, nitajaza pale. Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, na mafuta yanayobaki taa hiyo ikiwaka nilikuwa najua yananifikisha wapi.

Nikafika sheli, nikazima gari, nikavuta ile leva ya chini pembeni ya siti. Kijana wa sheli akaja dirishani. "Mama, fungua tenki." Nikamwambia nimeshafungua. "Bado, mama." Nikavuta tena, na tena, mpaka kidole kikauma. Nyuma yangu Fuso inapiga honi, bodaboda wananizunguka. Kijana akakipiga kimlango ngumi mbili, hakikushtuka.

Ndipo akatokea msamaria na bisibisi refu. Akalichomeka pembeni, akalikandamiza, kikafunguka kwa kishindo. Nikajaza, nikamshukuru, nikamwachia na hela ya soda. Kesho yake kwenye mwanga mzuri nikaona alichoniachia: ukingo umepinda, rangi imebanduka hadi kwenye bati. Na huku Tanga hewa ina chumvi, kwa hiyo bati lililo wazi halikai siku nyingi bila kutu. Miezi michache baadaye nililipia rangi ya ubavu mzima kwa ajili ya msaada wa nusu dakika.

Kilichoniuma zaidi ni maneno ya fundi. Ni mzee mmoja wa gereji ya uchochoroni, nilimpelekea gari baada ya kumwamkia shikamoo na kumsimulia yote. Akacheka. "Mwanangu, kile hakikuwa kimefungwa. Kilikosa wa kukisukuma tu."

Akanionyesha. Ukivuta leva unavuta waya mwembamba uliomo ndani ya ala. Waya huo unapita chini ya zulia, kando ya milango, unazunguka nyuma ya siti na kuingia buti hadi upande wa tenki. Mwisho wake kuna kipini chenye springi, na hicho ndicho kinachokishika kimlango kwa ndani. Ukivuta, kipini kinarudi nyuma, kazi yake imeisha. Anayekitoa kimlango nje ni mwingine kabisa: kibati chembamba cha chuma kilichopinda kama upinde, kirefu kama kidole cha mwisho, kimekaa karibu na bawaba. Kibati hicho kikichoka, au kikivunjika, au bawaba ikijaa kutu na vumbi, unaweza kuvuta leva mpaka jioni. Kufuli limeshafunguka zamani, ila mlango unabaki umelala palepale, na ukiiachia leva kipini kinarudi na kuushika upya.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijagusa chochote nasikiliza. Mwite mtu akae kwenye siti avute leva, wewe weka sikio karibu na kimlango. Ukisikia "tap" ndogo, waya na kipini ni wazima, shida ni ya msukumo. Mwambie aendelee kuishikilia leva juu, asiiachie, wewe kigonge kimlango kwa kiganja mara mbili tatu upande usio na bawaba, kisha ingiza ukucha au kadi ya zamani ya plastiki kwenye ufa ukivute taratibu. Mara nyingi kinatoka kama hakijawahi kugoma. Pale Segera watu wawili walikuwepo, mimi na yule kijana wa sheli, ila mimi nilikuwa navuta na kuachia na yeye akipiga ngumi nikiwa nimeshaachia. Tungepatana kidogo tu nisingepaka rangi.

Kama leva imelegea, inapanda bila uzito wowote, waya umekatika au umechomoka upande mmoja. Anza na upande wa leva, maana pale ni kuinua zulia tu. Wangu uliwahi kuchomoka kwenye kijitundu chake na nikaurudisha kwa vidole. Lakini kama leva ni ngumu kama jiwe, tafadhali usishindane nayo. Waya umeshikwa na kutu ndani ya ala, au kipini kimekwama kwa uchafu, na ukilazimisha utaikata leva yenyewe, ambayo ni plastiki ya zaidi ya miaka 20. Hapo njia ni moja, kwenda buti.

Buti ikikataa kwa leva, ifungue kwa ufunguo. Toa tairi la akiba kama linakubana, kisha bandua ile karatasi ngumu ya pembeni upande wenye tenki. Imeshikwa na vibanio vya plastiki. Viinue kwa kitu bapa, usivute kwa hasira, vikivunjika karatasi itakuwa inagonga njia nzima. Nyuma yake utaona bomba nene linaloshuka kwenye tenki, na juu yake kidogo kipande cheusi cha plastiki ambamo ule waya unaingia. Kwenye gari langu waya unaonekana sentimita kadhaa kabla haujaingia humo. Ushike kwa plaizi, uuvute kuelekea kwako polepole, na mwenzako nje akivute kimlango. Usitumie nguvu za kung'oa jino.

Tumia tochi ya simu, wala usithubutu kuwasha kiberiti eti uone vizuri. Nacheka lakini nimeshamwona mtu mzima akifanya hivyo. Na ukifungua karatasi ukakutana na harufu kali ya petroli, acha kila kitu, hiyo ni kazi nyingine na ni ya fundi. Vilevile kataa katakata mtu akikuletea grainda au drili karibu na mdomo wa tenki.

Kimlango kikishafunguka, hapo ndipo wengi wetu tunajaza, tunafunga, tunasahau hadi kitugomee tena porini. Mimi nilisahau mara mbili. Kiache wazi ukifika nyumbani. Safisha bawaba na kipini kwa mswaki wa zamani, pulizia WD-40, kichezeshe mara ishirini hivi, futa uchafu unaotoka. Halafu paka grisi kiasi cha punje ya harage kwenye bawaba na nchani mwa kipini, kwa sababu ile dawa ya kupulizia haikai, inafungua kutu na kuondoka. Oili chafu ya injini usipake. Inavuta vumbi, na barabara zetu mnazijua.

Angalia na kitundu kidogo cha kutolea maji chini ya shimo la kizibo, kama gari lako linacho. Changu kilikuwa kimezibwa na udongo mgumu kabisa, ndiyo maana kila nikiosha gari maji yalikuwa yanatuama pale na kuilisha kutu bawaba. Nilikizibua kwa kijiti cha ufagio.

Kile kibati cha kusukuma ukikikuta kimelala tu, kipinde kidogo kitokeze zaidi, kwa vidole, usitumie nyundo. Yule mzee alinipindia changu akachukua elfu tano, na nusu yake naona ilikuwa ya kunicheka. Kikiwa kimevunjika, tafuta kingine kwenye maduka ya spea za magari yaliyokatwa. Wakati unatafuta kuna dawa ya kienyeji ambayo naipenda mno: kata kipande cha ndala iliyokufa, ukubwa wa kifungo cha shati, kigundishe kwa ndani ya kimlango pembeni. Ukikifunga, mpira unabonyea. Ukivuta leva kipini kikarudi nyuma, mpira unakisukuma kimlango nje. Hakikisha tu hakiangukii juu ya kizibo, la sivyo kimlango hakitafunga na utaendesha kikipepea kama sikio la mbuzi.

Kwa waya uliokatika, kabla hujapata mwingine, funga mshipi wa kuvulia samaki kwenye kile kipini kwa upande wa buti, upitishe nje ya karatasi na ufunge kitanzi. Nimetembea na mshipi huo miezi miwili. Nikifika sheli nashuka, nafungua buti, navuta. Vijana walikuwa wananiuliza, "Mama, unajaza mafuta au mzigo?"

Magari yasiyo na leva, yale ya kufungua kwa swichi au yanayofunguka pamoja na milango, siyo eneo langu sana. Kwa hayo anza na fyuzi, kisha angalia buti upande wa tenki: mengi yamewekewa kamba ndogo ya dharura nyuma ya karatasi, na wenye magari hawajui kama ipo. Dada yangu alikaa na lake miaka minne bila kujua.

Na kama gari limetoka kupakwa rangi juzi halafu kimlango kinagoma, usiumize kichwa na waya. Rangi imeingia kwenye ufa na kukigundisha. Langu liliporudi kutoka kwa fundi bodi lilikuwa hivyohivyo, yaani nimelipa rangi kwa sababu ya kimlango, rangi nayo ikakifunga kimlango. Nilipitisha ile kadi ya plastiki kuzunguka ufa wote, polepole, kama mtu anayetoa mkate kwenye chungu, huku mwanangu ameshikilia leva. Kilipotoka tu nikamtuma dukani akaniletee grisi, na ndala nikamvua yeye.