Geji inasoma paundi 10 Mombasa: je, niongeze presha ya supachaja?

Swali: Fundi, salamu. Nina Mercedes-Benz SLK 230 Kompressor ya mwaka 1998 niliyoinunua Nairobi. Aliyeniuzia alikuwa amebadilisha puli ili supachaja, ile pampu inayoisukumia injini hewa, izunguke kwa kasi zaidi, na huko geji ya presha ya hewa hiyo ilisoma paundi 8 kwa inchi ya mraba. Tangu niilete hapa Nyali inasoma karibu 10. Asubuhi gari linakwenda vizuri, lakini mchana, hasa nikitoka kwenye msongamano wa darajani, linakuwa zito. Nimeshauriwa nifunge puli ndogo zaidi ili nifike 12. Je, injini itastahimili?

Jibu: Ndugu yangu, puli hiyo usiifunge kwa sasa. Kwa dalili ulizozieleza, gari lako halikosi presha. Lina presha kuliko linavyoweza kuipoza, na ukiongeza nyingine utazidisha kile kile kinachokusumbua mchana.

Tuanze na hizo paundi mbili zilizojitokeza bila mtu kugusa kitu. Supachaja ya gari lako ni ya aina ya Roots, iliyotengenezwa na Eaton, na kazi yake ni kusukuma ujazo uleule wa hewa kila inapozunguka, bila kujali hewa hiyo ni nzito au nyepesi. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na presha ya kawaida ya hewa huko ni kama paundi 12 kwa inchi ya mraba, ilhali hapa pwani ni 14.7. Supachaja iliyokuwa ikizidisha 12 hadi kufikia 20, yaani mara 1.67, itaizidisha 14.7 hadi kukaribia 24.5, na geji, ambayo husoma ile ziada tu, itakuonyesha karibu paundi 10. Hata tukizingatia kwamba hewa yetu ina joto zaidi, injini yako sasa inameza hewa nyingi kuliko ya Nairobi kwa takriban moja ya tano, na petroli nayo lazima iongezeke kwa kiasi hicho hicho. Kwa maneno mengine, umekwisha kuongeziwa presha bila ya kulipa fundi.

Naomba pia usiiamini geji kupita kiasi. Kwa supachaja ya aina hii, geji haipimi hewa iliyoingia ndani ya silinda, bali inapima msukumano wa hewa ambayo injini haijaweza kuimeza. Ukifungua njia ya egzosi iliyobana, geji inaweza kushuka huku nguvu zikipanda; na kichungi kikiwa kimeziba kwa vumbi, utasoma presha ndogo na nguvu zitapungua pia. Mtu anayetafuta namba kubwa kwenye geji anaweza kuipata na bado akaachwa nyuma.

Jambo lenyewe ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto, na supachaja ya Roots huipasha zaidi kuliko aina nyingine kwa sababu haifanyi kazi yake kwa ufanisi mkubwa. Nikikadiria ufanisi wa asilimia 55, hewa ya nyuzi 32 ikizidishwa mara 1.67 hutoka ikiwa na karibu nyuzi 120 kabla ya kufika kwenye intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa hiyo, na kwa paundi 12 itakaribia 135. Hayo ni mahesabu ya hewa ya kivulini. Katika majira ya kaskazi, gari likiwa limesimama kwenye msongamano wa daraja la Nyali, injini huvuta hewa iliyokwisha kupata moto chini ya boneti, na intakula, ambayo kwa gari lako hupozwa na upepo wa mwendo, haipati upepo wowote. Hewa yenye joto hilo ikichanganyika na petroli, sehemu ya mchanganyiko huweza kuwaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na hapo injini hugonga. Sensa ya kugonga huliarifu kompyuta, nayo huchelewesha cheche ili kuikinga injini. Huo ndio uzito unaouhisi mchana. Gari linajihami, na si udhaifu wa supachaja.

Je, injini yenyewe ni imara? Ndiyo. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu na uwiano wake wa kubana ni 8.8 kwa 1, ambao ni wa chini kwa makusudi kwa ajili ya supachaja. Lakini kugonga hakujali uimara wa bloku. Huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi na kuunguza gasketi ya silinda hedi, na mara nyingi mwenye gari hasikii lolote kwa sababu mlio umefunikwa na sauti ya egzosi.

Kwa hiyo ningeanza na kupima. Pima kompreshoni ya silinda zote nne. Tofauti ikizidi asilimia 10, habari za presha ziishie hapo mpaka injini itengenezwe. Kisha lifungwe kwenye mashine ya kupimia nguvu, wala si kulijaribu barabarani usiku, na mambo manne yarekodiwe kwa pamoja: joto la hewa baada ya intakula, kiasi ambacho cheche imecheleweshwa, uwiano wa hewa na petroli, na muda ambao nozeli za kunyunyiza petroli zinabaki wazi. Petroli ikiwa kidogo, yaani uwiano ukipanda juu ya 12 kwa 1 injini ikiwa kwenye mzigo kamili, au nozeli zikipita asilimia 85 ya muda wake, gari hilo halina akiba hata ya hizo paundi 10 za sasa. Puli ya Nairobi ilipangwa kwa hewa ya Nairobi. Kama vipimo vitakuwa vibaya, rudisha puli ya kiwandani uendeshe kwa amani wakati unajipanga.

Pesa za mwanzo zitumie kwenye upoozaji. Toa intakula uioshe ndani na nje, kwa maana mafuta hujikusanya ndani, na chumvi ya hewa ya bahari hula mapezi yake ya alumini hadi yanamomonyoka kwa kidole. Nimewahi kuishika moja iliyobaki kama biskuti. Mdomo wa kuvutia hewa uelekezwe nje ya boneti. Plagi ziwe za baridi kwa daraja moja, yaani zinazotoa joto lake haraka zaidi. Nozeli kubwa na pampu ya petroli, zikihitajika, zifungwe kabla ya puli yoyote. Mafuta ya gia za supachaja, ambayo mafundi wengi hawajui kwamba yapo, yana chumba chake mbali na oili ya injini, na kwa gari la umri huu yabadilishwe.

Baada ya hayo, ukibaki na hamu, panda kwa paundi moja tu kwa kila hatua, huku cheche ikicheleweshwa kwa takriban digrii moja kwa kila paundi kama mahali pa kuanzia, na kompyuta ipangwe kwa petroli unayoijaza kila siku. Ramani nyingi za Ulaya, yaani mipangilio ya kompyuta ya injini, hutayarishwa kwa petroli ya okteni 98, ambayo ni ngumu kugonga, na haifai kuzifuata kwa kuamini jina la "super" kwenye pampu. Ukiamua kukuza puli ya krenki badala ya kupunguza ya supachaja, hakikisha mpya ina mpira wa kunyonya mtetemo kama ile ya kiwandani. Kipande kitupu cha alumini huiachia krenki mtetemo wote. Kila hatua ijaribiwe saa nane mchana, injini ikiwa imekwisha kupata moto, kwa sababu vipimo vya alfajiri havitakuambia lolote kuhusu darajani.

Na siku utakapopanda Nairobi geji ikashuka tena hadi 8, usimruhusu mtu yeyote huko aiguse puli.