Taa za friza melini zinauliwa na maji, sio baridi

Wadau wa umeme wa meli, hii kitu inanikera sana, kila meli mpishi analalamika stoo ya nyama ina giza, unabadilisha taa, haikai inakufa tena, halafu watu wanasema baridi imeiua. Hapana jamani. LED inapenda baridi, kwenye -18 inamulika vizuri kuliko jikoni kwenye joto. Zile tyubu za zamani ndo zilikuwa zinateseka, stata inapiga weee mwanga wenyewe hafifu, na choki (lile koili la kuwashia tyubu) inamwaga joto ambalo kompresa lazima ilitoe.

Muuaji ni unyevu. Ukiwasha taa inapata moto, ukizima inapoa inavuta hewa ya nje na unyevu wake, unaganda humo ndani, ukiwasha tena yanakuwa maji. Na kuna lile tundu la waya ukutani ambalo wengi hawaliangalii kabisa, hewa ya joto ya koridoni inapita humo inaenda kuishia ndani ya taa.

Meli moja ya mizigo niliyofanya kazi, alamu ya insulesheni (ile inayolia umeme ukivuja) ya laini ya 220V ilikuwa inalia kila mara, tukazima saketi moja moja, ilipozimwa ya friza ya samaki mita ya insulesheni ikapanda palepale, maana yake umeme ulikuwa unavujia huko. Kufungua taa, maji yametuama kwenye kava na koneksheni zimeota ukijani, na taa imeandikwa IP66, yaani haiingii vumbi wala maji! Hiyo namba haikusaidii kama glandi, ile nati inayobana waya unapoingia kwenye taa, ni kubwa kuliko waya.

Kwahiyo zibeni tundu la ukutani kwa silanti (gundi ya kuzibia) upande wa joto, glandi ibane waya sawasawa, na waya uachie upinde kwa chini maji yadondokee hapo yasiingie kwenye taa. Waya wa PVC wa kawaida unakakamaa na kupasuka kwenye friza, chukua wa silikoni. Kava iwe polikaboneti (plastiki ngumu), kioo kikivunjika juu ya nyama chakula chote cha kutupa. Skrubu za stenlesi na washa za springi (pete za kuzuia skrubu kulegea) kwa sababu injini inatetemesha kila kitu. Halafu soma karatasi ya taa, kama mwisho wake ni -20 na friza yako inafika -25 iache dukani, na zile meli zinazogandisha jodari wa sashimi mpaka -60 ndo kabisa, huko utafute taa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

La mwisho naomba sana. Swichi huwa iko nje, mtu anapita anaizima wewe uko ndani. Kile kitufe cha kuita msaada karibu na mlango kiwe na kitaa chake kinachowaka muda wote, kwenye saketi tofauti na ya taa. Kijaribuni kila wiki, mmoja ndani, mwenzake nje ameshika mlango.