Kabla hujasomea ustawi wa jamii, uliza kuhusu fildi

Niliposema nimechagua shahada ya ustawi wa jamii, ndugu na marafiki walidhani nakwenda kusomea upole. "Wewe una huruma, utaiweza." Huruma ninayo, lakini mwaka wa kwanza nilikutana na sheria, saikolojia, sera za umma na takwimu. Hizo takwimu ndizo zilizowahamisha kozi baadhi ya wenzangu.

Hata hivyo ya darasani husomeka. Kilichonitoa jasho ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo.

Wiki ya tatu nilitumwa kumtembelea mama mmoja ambaye wanawe wawili walikuwa watoro shuleni. Nikarudi nikaandika kwenye jalada: "Mama hajali watoto." Msimamizi wangu akaizungushia sentensi ile kalamu nyekundu. "Umeona nini?" Nikamwambia vyombo havijaoshwa, mama anapiga miayo, ananijibu kaegemea ukuta wala hanitazami. "Basi andika hayo."

Ziara ya pili ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuanza nalo: siku yako inakwendaje? Kumbe alikuwa mfanya usafi zamu ya usiku, na kila akirejea asubuhi watoto wameshachelewa. Dada yake akakubali kulala nao na kuwaamsha. Utoro ukapungua, haukuisha. Mimi nilibaki nikiwaza kwamba jalada lile lingeweza kufika mahakamani na sentensi yangu ndani yake.

Kwa hiyo unapochagua chuo, usiulize ada tu. Uliza fildi ni saa ngapi, nani atakusimamia, na mtakaa mara ngapi kuzungumzia kesi zako. Marekani, kwa mfano, shahada ya kwanza inadai saa zisizopungua 400 za fildi, na ya uzamili 900. Chuo kinachokuacha upange mafaili miezi miwili kisha kikakupa alama ya juu kimekudhulumu, hata kama siku hiyo utafurahi.

Kuhusu ajira, wengi hufikiria vituo vya watoto yatima basi. Hospitali zinawahitaji maafisa ustawi wa jamii kupanga mgonjwa akiruhusiwa atakaa na nani na nani atambadilishia bandeji. Wapo magerezani, mashuleni, kwenye mahakama za watoto, kwa wakimbizi, kwa wazee, kwa wanaoacha dawa za kulevya. Ukitaka kutoa tiba ya kisaikolojia, jiandae: nchi nyingi zitakudai uzamili na leseni. Wengine huishia kwenye sera, na si njia ngeni. Jane Addams, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa waasisi wa fani hii, alianza kwa kuishi jirani na wahamiaji maskini Chicago mwaka 1889, katika nyumba iliyoitwa Hull House, akafika kupigania sheria za kuzuia ajira ya watoto. Mwaka 1931 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Utajiri usiutarajie. Na kesi hukufuata nyumbani. Kuna jina la mtoto nililokuwa nikiamka nalo usiku kwa mwezi mzima, mpaka nilipojifunza kulisema mbele ya msimamizi badala ya kulala nalo.

Kabla ya kujaza fomu, jitolee mahali kwa mwezi mmoja. Siku utakayoshukuriwa haitakuambia kitu. Subiri siku utakayofungiwa mlango usoni, uone kama kesho yake utatamani kujua yule mtu anaendeleaje.