Matokeo ya upasuaji wa tezi dume: mafaili ya wodini hayatoshi

Ndugu mwanafunzi, umeuliza kama mafaili ya wodini yanakutosha kulinganisha upasuaji wa kupitia njia ya mkojo na ule wa kufungua tumbo kwa wazee wenye tezi dume iliyokua. Kwa niliyoyaona nikikusanya takwimu katika kliniki ya mkojo, hayatoshi. Faili litakueleza damu aliyoongezewa mgonjwa na tarehe aliyotolewa mpira wa mkojo. Halitakueleza kama bado anaamka usiku kucha, wala kama nguo zake zinalowa.

Kuamka usiku, pamoja na dalili nyingine za kukojoa, hupimwa kwa dodoso la dalili la madaktari wa mkojo wa Marekani la mwaka 1992, lenye maswali 7 na alama 0 hadi 35, ambapo kuanzia 20 dalili huhesabiwa kuwa kali; kulowa hakumo humo, kuulize kando. Shida ni kwamba wazee wetu wengi hufika mkojo ukiwa umekwisha kuziba, wamewekewa mpira, na kumuuliza mtu mwenye mpira kuhusu nguvu ya mkojo wake hakuna maana. Usiwabunie alama wala usiwachanganye na wanaokojoa wenyewe: watenge, kipimo chao cha kwanza kiwe kukojoa bila mpira, kisha wajaze dodoso baada ya miezi mitatu hivi, muwasho wa kidonda ukiwa umetulia.

Utafiti wa hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani) wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 uliwagawa wanaume 556 wenye dalili za wastani kwa bahati nasibu. Matibabu yalishindikana kwa 23 kati ya 280 waliopangiwa upasuaji, na kwa 47 kati ya 276 waliofuatiliwa tu bila kupasuliwa. Wewe hutagawa mtu kwa bahati nasibu, kwa hiyo makundi yako hayatafanana tangu mwanzo. Tezi kubwa, hasa zinazozidi gramu 80, aghalabu ndizo hufunguliwa tumbo, hivyo usipoandika ukubwa wake utadhani unapima mbinu kumbe unapima tezi.

Muulizaji asiwe daktari aliyepasua, kwa sababu mzee atamjibu "nashukuru, mwanangu" hata kama analowa. Swali la unyumba ligawe mara mbili: baada ya upasuaji manii ya wengi hurudi kwenye kibofu, na asiyeelezwa mapema hudhani nguvu za kiume zimekwisha, ilhali hayo ni mambo mawili.

Wasiorudi kliniki usiwahesabu kuwa wamepona. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, chukua kwa ridhaa yake namba ya simu ya mkewe au mtoto anayekaa naye, maana simu ya mzee mwenyewe mara nyingi haipatikani.